Kovu Lisilo na Chaki

Mwanamume asiyenuka kazi yake simwamini. Nimekulia kwenye karakana ya viatu, na kwetu mtu hutambulika kwa harufu kabla hajafungua mdomo. Baba ananuka gundi na nta. Mimi nanuka magome ya miti tunayolowekea ngozi, kiasi kwamba hata nikijipulizia marashi, baada ya saa moja magome yanashinda. Shangazi, ambaye kazi yake ni kukaa mlangoni na kupokea wateja, ananuka rangi ya viatu na umbeya. Lakini Koti Jeupe alinuka sabuni tu. Miezi saba nilikuwa nikilaza kichwa kifuani pake na kuitafuta harufu nyingine chini ya ile sabuni, na sikuipata.

Jina hilo alipewa na shangazi, siku ya kwanza alipoingia kwetu na koti lake la maabara mkononi. Shangazi alidhani ni daktari, akapandisha gauni na kumwonyesha goti linalomsumbua. Alipoelezwa kwamba kijana yule hatibu magoti bali anaotesha ngozi, alilifunika goti lake upesi sana.

Ndiyo, anaotesha. Upande wa pili wa mji kuna jengo la vioo ambamo huchukua kipande cha ngozi kisichozidi punje ya hindi kutoka sikioni mwa ndama. Ndama anarudi kula majani yake, hana habari. Kile kipande kinawekwa kwenye maji ya lishe yenye joto la mwili, seli zake zinazaliana, na baada ya wiki kadhaa mtu anabandua kwenye sinia ngozi pana kama shuka la kitanda cha mtoto. Hakuna kisu, hakuna damu. Aliponieleza haya mara ya kwanza macho yake yaling'aa, nami nikapotelea kwenye macho kabla hatujafika kwenye seli.

Tulijificha miezi sita, lakini mapenzi ni kikohozi. Siku moja Baba alitukuta nyuma ya karakana, tumeshikana mikono, akapita kama hakuona kitu. Wiki mbili baadaye Koti Jeupe akamtuma mjomba wake kuja kuniposa. Baba hakukubali wala hakukataa. Alimsikiliza mgeni mpaka mwisho, kisha akasema kijana mwenyewe aje Jumamosi na hiyo ngozi anayoitengeneza.

"Nitaishonea kiatu," alisema Baba. "Kiatu kikikubali, nami nitakubali."

Sote tulijua kwamba alikuwa akiomba kiatu kikatae.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Shangazi alinivuta kando, akanishika kidevu kama nilivyokuwa mdogo. Alisema amemchunguza yule kijana kwa miezi yote hii na hajaona kasoro. Ana kazi, hanywi, hana mke mahali, hana deni, na anawasalimia wakubwa kwa adabu.

"Sasa si vizuri, Shangazi?"

"Mwanangu, binadamu hakosi kitu. Ukiona huoni kitu, jua kimefichwa."

Nilicheka, lakini neno lake liliniingia kama mwiba wa samaki kooni. Nilimeza, likabaki palepale.

Alikuja saa nne, amevaa shati la bluu nililompenda nalo, na bunda la ngozi chini ya kwapa. Alimwamkia Baba, akamwamkia Shangazi, kisha akaniangalia mimi mara moja tu, kama mtu anayeiba sukari. Mara hiyo moja ilinitosha.

Baba alilikunjua lile bunda. Alilinusa, akasema halinuki. Alilikunja karibu na sikio lake asikilize linavyolia, akatikisa kichwa. Aling'ata pembe yake, akailowesha maji, akaivuta kwa vidole gumba. Muda wote Koti Jeupe alisimama wima na mikono nyuma, kama mtuhumiwa. Nilimwonea huruma, na nikijua jinsi Baba alivyo, nilimwonea fahari pia, kwa kuwa Baba hahangaiki kung'ata kitu anachokidharau.

"Isome," Baba akaniambia, akanisukumia ngozi.

Kusoma ngozi ndiyo kazi yangu. Kabla fundi hajakata, lazima mtu apitishe kiganja juu ya ngozi nzima na kuizungushia chaki kila kasoro: palipoumwa na kupe, palipochanwa na mwiba, palipochapwa fimbo. Halafu fundi hukata akizikwepa duara zile. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na Baba hukata kwa kufuata chaki yangu bila kuuliza.

Nilianza juu, kushoto kwenda kulia. Hapakuwa na kitu. Nikashuka. Hapakuwa na kitu. Vinyweleo vilipangika vizuri, unene ulikuwa sawa kila mahali, na nilivyozidi kukosa kasoro ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Shangazi alikuwa akinitazama kutoka mlangoni kwa jicho la nimekuambia.

Kisha, chini kabisa kulia, kidole changu kikakwama.

Lilikuwa kovu. Limejipinda kama ukucha uliokatwa, na pembeni yake kulikuwa na vidoti viwili vya kupe, kimoja kikubwa kuliko kingine. Niliinama kana kwamba nataka kuona vizuri, lakini sikuhitaji kuona. Kovu lile nililijua kama ninavyoijua sauti ya marehemu mama yangu.

Mama ndiye aliyekuwa mdabaghi wa nyumba yetu. Ngozi zote alizotengeneza ziliuzwa, isipokuwa moja, ya mwisho, aliyoitoa kwenye magome wiki tatu kabla hajafariki. Ilikuwa ya ndama aliyewahi kunasa kwenye seng'enge. Baba aliikunja ndani ya shuka, akaiweka juu ya kabati chumbani kwake, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Miaka sita. Mimi niliigusa mara moja. Koti Jeupe aliniuliza ngozi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika ni ipi, nami, kwa kulewa penzi, nikamwambia ya Mama. Akaomba aitazame tu kwenye darubini yake, siku tatu. Baba alikuwa amesafiri. Nilipanda kwenye kiti, nikaishusha, nikampa. Siku ya tatu aliirudisha imekunjwa vilevile, nami nikaipandisha juu ya kabati na kuamini yameisha.

Ng'ombe wawili hawawezi kuwa na kovu moja.

Nilinyanyua macho. Koti Jeupe alikuwa akinitabasamia. Alinitabasamia kwa amani kabisa, na hapo nikaelewa kwamba hajui nimeona nini. Fundi wa ngozi akiona kovu anaona dosari ya kukwepa. Yeye aliona urembo, kitu cha kuifanya ngozi yake ifanane na ya mnyama, na ndiyo maana alilileta ndani ya nyumba yetu bila wasiwasi.

"Vipi?" Baba akauliza.

Chaki ilikuwa mkononi. Kulizungushia kovu lile kulikuwa ni kumwita Baba aje alione, na akiliona, posa imekufa, na mimi na Baba tumekufa pia kwa namna yetu.

"Safi, Baba," nikasema. "Haina kitu."

Sijawahi kumdanganya Baba juu ya ngozi. Juu ya mambo mengine, ndiyo, kama kila mtoto. Juu ya ngozi, kamwe.

Nikamwambia kwamba wakati yeye anashona, mimi ningependa kwenda kuona mahali ngozi hii inapotengenezwa. Baba alinitazama, akamtazama mgeni, akasema saa tisa niwe nimerudi.

Njiani nilitembea upesi. Alijaribu kunishika mkono, nikaupeleka kwenye nywele zangu. Aliuliza kama Baba ameridhika, nikasema Baba haridhiki upesi. Aliuliza kama nimekasirika, nikasema nina jua machoni. Jua lilikuwa nyuma yetu.

Kwenye jengo lake tulivalishwa mifuko ya plastiki miguuni na kofia za nyavu kichwani. Siku nyingine ningemcheka alivyoonekana. Alinipitisha chumba cha joto ambamo sinia zilipangwa kwenye rafu, ndani yake maji ya rangi ya waridi na utando mweupe juu, na akaanza kunieleza kwa sauti ile ninayoipenda, ya mtu anayeonyesha wanawe. Hizi zina siku nne. Hizi zitavunwa Alhamisi. Nilimwambia nataka kuona zilizokamilika.

Akasita kidogo tu. Mtu mwingine asingeona.

Zilikuwa chumba cha mwisho, zimening'inizwa kwenye vyuma kama nguo za kukauka. Nilikwenda kwa ya kwanza, nikashika pembe ya chini kulia. Ukucha, vidoti viwili. Nikaenda ya pili. Ya tatu. Nilizipitia zote arobaini, kwa kidole, na kila moja ilikuwa na kovu mahali palepale, kidoti kikubwa kushoto na kidogo kulia. Nilipofika ya mwisho sikuwa naona vizuri tena, machozi yalikuwa yamejaa.

"Fundi," aliniita. Hilo ndilo jina lake kwangu. "Umeona nini?"

"Nimemwona mama yangu. Yuko mara arobaini."

Uso wake ulibadilika. Hakujifanya hajui, namshukuru kwa hilo. Alivua ile kofia ya nyavu na kuisokota mkononi, akanieleza. Ngozi inayoota kwenye sinia ni laini kama karatasi, haina sura. Ili ipate sura, hulazwa juu ya kalibu la mpira lililopigwa chapa ya ngozi ya kweli. Walikuwa wanatafuta ngozi ya kupiga chapa. Siku zile tatu alizokuwa nayo, alimimina mpira juu ya ngozi ya Mama, ukaganda, akaubandua.

"Haikuumia hata kidogo," alisema. "Nilihakikisha."

"Sikuulizi ngozi. Nakuuliza kwa nini hukuniambia mimi."

"Niliogopa utakataa."

"Basi ulijua."

"Nilijua."

Nikamwambia alete hilo kalibu nilikate vipande mbele yake. Akasema si lake, ni la kampuni, na Jumatatu wanunuzi wanakuja kuziona ngozi hizi. Akilichukua atakuwa mwizi.

"Na ulipoichukua sura ya ngozi ya mama yangu ulikuwa nani?"

Niliwaza yale ambayo kila mwanamke mwenye akili angewaza. Aliingia dukani kwetu siku ile bila kiatu cha kushonwa wala mkanda wa kutobolewa. Alizungukazunguka, akashika kila ngozi iliyotundikwa, akaniuliza maswali mazuri, na mimi mjinga nikadhani ni maswali ya mtu aliyependa sauti yangu.

"Kampuni ndiyo iliyokutuma kwetu?"

"Ndiyo. Walinituma kutafuta ngozi. Nilikwenda karakana tano. Yenu ilikuwa ya sita."

Alisema hivyo akinitazama usoni. Ningependa angeangalia chini, ningepata sababu ya kumchukia moja kwa moja. Macho yake yalikuwa yaleyale ya kila siku, na mimi nilikuwa nayataka vilevile, na jambo hilo lilinikasirisha kuliko yote.

"Nakuuliza swali moja," nikasema. "Ukinidanganya nitajua, kwa sababu leo nimeshaamka. Ile siku ya kwanza, kama ngozi zetu zingekuwa mbovu, kama mimi nisingekuwa na kitu cha kukuonyesha, ungerudi siku ya pili?"

Nilijua anachopaswa kusema. Hata mwanamume mpumbavu anajua. Angesema ningerudi kwa ajili yako, mpenzi, ngozi ilikuwa kisingizio. Mimi ningelia, tungekumbatiana katikati ya makovu arobaini, na maisha yangu yote ningeishi nikilikagua neno hilo.

Aliacha kuisokota ile kofia.

"Nisingerudi," alisema.

Liliniuma. Sitadanganya, liliniuma mpaka kwenye meno. Nilivua mifuko ya plastiki miguuni, nikatoka nikiwa nakimbia nusu na kutembea nusu. Barabara nzima nilisikia hatua zake nyuma yangu, hazinisogelei wala haziachi kunifuata. Nililia. Lakini kitu cha ajabu ni kwamba katika miezi saba, na maneno yote matamu aliyowahi kuninong'oneza, hilo lilikuwa neno lake la kwanza nililoliamini bila kulinusa kwanza.

Tulipofika karakana ilikuwa saa tisa kasoro. Shangazi hakuwa mlangoni. Alikuwa ndani, amesimama karibu na meza mikono kifuani, na Shangazi akisimama ujue pana jambo. Juu ya meza palikuwa na kiatu kimoja cha kike, kimeshonwa kwa uzi wenye nta, mshono wa Baba mwenyewe. Kilikuwa kizuri. Na lile kovu lilikuwa mbele, panapokaa kidole gumba cha mguu, mahali ambapo hakuna fundi anayeweza kuliweka kwa bahati mbaya.

Baba alikuwa amekaa, msharasi wake wa kutobolea ngozi ungali mkononi.

"Imekubali kuvutwa, imekubali sindano," alisema taratibu. "Ni ngozi. Sina la kuisema." Akakigeuza kiatu mbele yangu. "Lakini hapa hukuweka chaki."

Nilikishika kiatu, kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kovu.

"Miaka kumi na mmoja hujawahi kuruka kovu. Hata lile dogo kuliko tundu la sindano. Leo umeruka hili."

Sikuwa nimelifikiria. Nilidhani nikinyamaza kwa mdomo nimeficha, kumbe kwa mtu kama Baba, duara lisilochorwa linapiga kelele kuliko lililochorwa. Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye meza ya baba yangu mwenyewe.

Koti Jeupe akasogea mbele yangu.

"Mzee, kosa ni langu. Niliichukua mimi ile ngozi. Binti yako hakujua chochote."

Aliyasema vizuri, tena kwa unyenyekevu, bila kugugumia. Mwanamke mwingine angeyeyuka kwa kufunikwa na uongo mzuri hivyo. Mimi niliogopa. Nilimtazama mgongo nikajiuliza ni mara ngapi amewahi kuniambia jambo kwa sauti laini namna hiyo, na kama nitakubali sasa anifunike, nitaijuaje siku atakayonifunika macho?

"Anadanganya, Baba," nikasema. "Nilimpa mimi, kwa mikono yangu. Nilipanda kwenye kiti chako."

Shangazi alikaa chini. Baba aliuweka msharasi mezani.

"Nilikwenda kuangalia kama ipo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka sita sijalifungua shuka lile. Nilikuwa naogopa harufu yake itatoka iishe. Leo nimelifungua ili nijue kama binti yangu ni mwizi."

Nilipiga magoti pale pale penye vipande vya ngozi na misumari. Nilimwomba msamaha, na sikumbuki nilitumia maneno gani. Nakumbuka tu kwamba hakuniinua upesi kama alivyozoea. Alipoweka mkono wake kichwani kwangu, aliuweka kama mtu anayeweka mzigo, na nikaupokea hivyo hivyo.

"Unamtaka huyu?" aliniuliza.

"Namtaka."

"Unamwamini?"

"Hapana."

Nilisikia Koti Jeupe akivuta pumzi. Nikasimama, nikamgeukia.

"Mwambie Baba ulichoniambia kule. Usikipambe."

Angeweza kukataa. Mlango ulikuwa wazi, na mtu mwenye kazi nzuri na mshahara hakosi mchumba. Lakini alisimama vilevile kama asubuhi, mikono nyuma.

"Mzee, nilikuja hapa kwa ajili ya ngozi. Nilitumwa. Kama isingekuwa nzuri, nisingerudi."

"Basi umeipata," Baba alisema.

"Nimeipata. Na iko juu ya kabati lako, na mimi sina haja nayo tena, lakini narudi. Miezi mitano sasa narudi tu."

"Hata nikikukatalia?"

"Nitarudi."

"Basi nimekukatalia," Baba akasema. "Nenda."

Nilitaka kusema neno. Shangazi alinikamata mkono, akanibana kwa kucha. Koti Jeupe aliinamisha kichwa kwa Baba, kwa Shangazi, akaniangalia mimi, na safari hii hakuiba, aliniangalia mpaka aliporidhika. Akasema, "Kesho asubuhi, Mzee," akatoka.

"Tutaona," Baba akaiambia meza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo karakana yetu haifunguliwi. Niliamka nikajiambia kwamba nimesahau mkasi wangu huko. Nilijiambia pia kwamba hatakuja, kwamba saa hizi yuko na wakubwa wake anacheka juu ya mzee mmoja na binti yake, kwamba maneno ni bure. Nilipofika saa moja na robo, mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa ndani, ananoa visu.

"Vimeshika kutu," alisema.

Visu vya Baba havijawahi kushika kutu. Nikatafuta mkasi wangu ambao haukupotea. Saa mbili ilifika, ikapita. Kila hatua ya mtu barabarani ilinigeuza shingo, na kila nilipogeuka, nilimkuta Baba naye amegeuka. Saa mbili na nusu. Baba alinoa kisu kile kile mara ya tatu. Nilianza kukunja aproni yangu. Shangazi alikuwa sahihi. Kila mtu alikuwa sahihi isipokuwa mimi.

Alitokea saa tatu, anatokwa jasho, shati limetoka suruali upande mmoja. Alisimama kizingitini bila kuingia. Alisema alipitia kwanza nyumbani kwa mkurugenzi wake. Alimweleza kwamba sura ya zile ngozi ilichukuliwa bila idhini ya wenyewe, na kwamba Jumatatu wanunuzi wakiuliza, atawaambia hivyo mbele ya kila mtu. Mkurugenzi alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha. Kabla hajafika mwisho wa mtaa, ujumbe uliingia kwenye simu yake.

"Amesema kalibu litavunjwa," alisema. "Na mimi kesho nisiende kazini. Wala kesho kutwa."

Nilimfuata pale mlangoni, nikanyoosha mkono. Akanipa simu bila kuuliza ninaitakia nini. Niliusoma ujumbe mara mbili. Niliangalia jina la aliyeutuma, nikaangalia namba, nikaangalia saa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Niliusogeza ukurasa juu kuona kama kulikuwa na ujumbe mwingine uliofutwa. Yeye alisubiri tu, jasho likimtiririka shingoni, na hakuniharakisha.

Ulikuwa ukweli.

Baba hakuinua uso kutoka kwenye kisu.

"Hapa tunaanza saa moja," alisema.

Nilimrudishia simu yake, nikaenda kumtafutia aproni.